Sahani ya Hotelini na Sinia la Nyumbani

Ndugu msomaji, neno "hoteli" kwetu halina kitanda. Mgeni wa Ulaya akilisikia anawaza chumba, shuka na funguo. Sisi tunawaza wali maharage, chai ya rangi na benchi la mbao. Anayetaka kulala anaulizia gesti. Na lile neno lenye heshima kidogo, "mgahawa", asili yake ni kahawa, kinywaji kilichotufikia kwa biashara ya Waarabu na watu wa pwani. Kwa hiyo hata kabla hatujafungua kitabu chochote cha historia, maneno yenyewe yanatudokeza kitu: kula kwa kulipa ni desturi iliyotufikia ikitokea njiani, pamoja na wasafiri.

Nakusudia hapa kusimulia historia ya jambo dogo ambalo vijana wengi wa mjini tunalifanya kila tukienda likizo nyumbani, tena bila kulifikiria: tunawachukua wazazi, ndugu na marafiki, tunakwenda nao kula hotelini. Mfano wangu ni Nakapanya. Wengi tunaotoka kule tukiwa Dar es Salaam tunasema tu "kwetu Songea", maana ukiitaja Nakapanya utaulizwa, "Ndiyo wapi huko?" Kwa hakika Nakapanya iko wilaya ya Tunduru, mkoa wa Ruvuma, kilomita zipatazo 66 mashariki ya Tunduru mjini, kwenye barabara iendayo Mangaka na Masasi. Kutoka hapo hadi Songea mjini ni zaidi ya kilomita 300. Ni mahali pa barabarani, na huwezi kueleza hoteli zake bila kuieleza barabara.

Chakula kisichokuwa na bei

Wazee wa kwetu wana kauli moja: unga unauzwa, ugali hauuzwi. Yaani nafaka ikiwa ghalani ina bei, lakini ikishapita kwenye moto na mwiko inakuwa haki ya yeyote aliyepo. Mtu akikukuta unakula, unamwambia "karibu", na karibu hiyo si ya mdomoni tu.

Kauli hiyo ina historia ndefu. Katika karne ya 19 Wayao, ambao ndio wengi katika Tunduru, walikuwa wasafiri wakubwa wa biashara. Misafara yao iliteremka hadi Kilwa ikiwa na pembe za ndovu na tumbaku, na, tusifiche, watumwa pia. Ilirudi na nguo, shanga, chumvi na bunduki. Padri Yohanna Abdallah, Myao mwenyewe, aliandika habari za watu wake na safari hizo katika kitabu cha Kiyao kilichochapishwa mwaka 1919. Sasa fikiri, msomaji: msafara wa mamia ya watu hauwezi kuwa mgeni wa mtu. Nani atawapikia? Ndiyo maana vijiji vya njiani viliuza nafaka kwa nguo au chumvi, na wasafiri wakajipikia wenyewe kambini. Kwa hiyo si kweli kwamba babu zetu hawakujua kuuza chakula. Walijua sana. Ila waliweka mpaka: kibichi sokoni, kilichoiva nyumbani.

Na kilichoiva kililiwa vipi? Mfano unaojulikana zaidi katika mkoa wetu unatoka kwa jirani zetu Wamatengo wa Mbinga. Wao walikuwa na kitu kinachoitwa sengu. Watu wa ukoo mmoja walikusanyika, kila nyumba ikaleta chakula chake, wakala pamoja, na hapo hapo wakazungumza mambo ya mashamba, ugomvi na malezi. Sehemu nyingi za kusini zilikuwa na desturi inayofanana na hiyo: wanaume barazani kwenye sinia moja, wanawake na watoto upande wao. Uzuri wake ni kwamba nyumba iliyokosa chakula siku hiyo haikujulikana. Mikono ilikuwa mingi ndani ya sinia, na hakuna aliyehesabu tonge la mwenzake.

Lakini tusiwe watu wa kulilia ya kale tu. Aliyesaga, aliyechota maji na aliyesonga ni mwanamke, naye hakuketi barazani. Neno hilo naomba ulishike, tutalihitaji baadaye.

Chakula kilichonyang'anywa

Kabla chakula kilichopikwa hakijapewa bei, kilikuja kipindi ambacho hata kibichi hakikuwa na mwenyewe. Vita vya Majimaji vilianza mwaka 1905. Wajerumani waliposhindwa kuvimaliza haraka kwa risasi, walitumia njaa: walichoma maghala na mashamba. Songea mjini, tarehe 27 Februari 1906, viongozi wa Wangoni walinyongwa, na hadi leo siku hiyo inakumbukwa pale kwenye makumbusho ya Majimaji. Wanahistoria wamekisia kwamba watu 250,000 hadi 300,000 walipoteza maisha katika vita vile, na wengi wao waliuawa na njaa.

Majeraha hayo hayajapona, ikaja Vita ya Kwanza ya Dunia. Majeshi ya pande zote mbili yalipita kusini yakichukua wapagazi na chakula, mpaka Jenerali Lettow-Vorbeck alipovuka mto Ruvuma kuingia Msumbiji mwezi Novemba 1917. Jeshi linalopita halisemi hodi. Kwa watu waliopitia haya, mlango ulio wazi wakati wa kula ulikuwa na maana zaidi ya adabu. Ulikuwa ni kusema: sisi bado tuko hai, na chakula chetu bado tunakigawa wenyewe.

Kisha likaja wimbi la manamba. Songea ikageuzwa ghala la vibarua wa mashamba ya mkonge ya Tanga na Morogoro. Mwaka 1944 wenye mashamba waliunda chombo chao cha kuandikisha vibarua, SILABU, na malori yakawa yanasomba vijana. Huko manamba mtu alipewa posho: kipimo cha unga, maharage kidogo, chumvi. Msomaji, hebu liangalie neno hilo "posho". Kwa mara ya kwanza vijana wengi wa kusini walikula chakula kilichopimwa kwa ajili ya mtu mmoja. Aliporudi nyumbani na sanduku lake la nguo, manamba alikuwa ndiye babu yetu sisi tunaorudi leo na mabegi ya magurudumu. Alikuwa mgeni kwao.

Chai, sukari na ngano

Hoteli za kwanza za vijijini hazikushindana na jiko la mama. Hilo ni jambo ambalo watu wengi hulisahau. Ziliuza vitu ambavyo nyumbani havikuwapo: chai yenye sukari, maandazi, chapati. Ugali ulibaki nyumbani. Mtu alikwenda hotelini kunywa chai kama vile leo mtu anavyokwenda mjini kupiga picha: kuonja dunia. Alikaa, akasikiliza redio, akasikia habari za siasa. Hoteli ilikuwa baraza jipya, ila baraza hili lilikuwa na mwenye nalo, na kikombe kilikuwa na bei.

Kwa kuwa hoteli ilisimama juu ya sukari na unga wa ngano, ilianguka navyo vilipopotea. Katika miaka ya 1973 hadi 1976 Operesheni Vijiji iliwahamishia watu katika vijiji vya pamoja, vingi vikiwa kando ya barabara. Mwaka 1976 ikaja Operesheni Maduka, iliyotaka maduka ya watu binafsi vijijini yafungwe na pawepo duka la kijiji. Baada ya vita vya Kagera vya 1978 na 1979 nchi ikaishiwa fedha za kigeni, na sukari, sabuni na unga wa ngano vikawa vitu vya kupanga foleni. Wazee wanasimulia chai ya chumvi, na hawatanii. Mwaka 1983 Waziri Mkuu Edward Sokoine akaanzisha vita dhidi ya wahujumu uchumi, na mwaka huo huo ikatungwa Sheria ya Nguvu Kazi. Mjini, watu wasio na kazi iliyotambuliwa walikamatwa na kurudishwa vijijini. Na katika waliosumbuliwa walikuwamo akina mama waliouza chakula kando ya barabara.

Akina mama hao ndio mashujaa wa habari hii. Dar es Salaam iliwapa jina: mama ntilie. Ni sauti ya mteja mwenye njaa na sahani mkononi: "Mama, nitilie!" Baadaye wakaitwa mama lishe, jina lenye adabu ya ofisini, lakini lile la kwanza ndilo lenye ukweli. Mishahara ya miaka ya 1980 haikufika hata katikati ya mwezi, na wanawake hawa waliziokoa nyumba zao kwa sufuria na mkaa. Wao ndio waliouvunja ule mpaka wa wazee. Ugali ukauzwa. Na kilichowasukuma kuuvunja ni watoto waliotakiwa kula na kusoma, wala si dharau kwa mila. Kuanzia mwaka 1984 biashara ilipofunguliwa, na baadaye chini ya Rais Mwinyi ambaye watu walimpachika jina la Mzee Ruksa, sufuria hizo zilitoka mafichoni.

Mawe, korosho na lami

Kule kwetu, mlango mkubwa ulifunguliwa na mawe. Mnamo mwaka 1994 na 1995 habari zilisambaa kwamba Tunduru kuna yakuti na mawe mengine ya thamani, mengine yakipatikana kando ya mto Muhuwesi. Watu walimiminika kwa maelfu. Wanunuzi walitoka hadi Thailand na Sri Lanka. Mchimbaji hana mke wa kumpikia porini, hana shamba, na mfukoni leo ana mamilioni, kesho hana nauli. Anataka kula sasa hivi. Si mchezo! Hoteli za mabati na maturubai ziliota kama uyoga, na wasichana wengi wa Kiyao na Kimakua walipata pale fedha yao ya kwanza ya mkononi. Wengine walipata na matatizo pia, wala tusifiche.

Mawe yalipopungua, korosho ziliendelea. Msimu wa korosho ukianza, kuanzia Oktoba hivi, fedha huingia na hoteli huchangamka: asubuhi supu na chapati, mchana wali na samaki, jioni chipsi. Malipo yakichelewa, mabenchi nayo hubaki matupu. Mwezi Novemba 2018 serikali iliamua kununua korosho yenyewe kwa shilingi 3,300 kwa kilo, na jeshi likazisomba. Wakulima wengi walingoja fedha zao kwa muda mrefu, na muuza chai alikuwa wa kwanza kujua, kwa kuangalia daftari lake la madeni tu.

Halafu ikaja lami. Zamani, kwenda kusini masika ilikuwa ni kuandika wosia. Mto Rufiji ulivukwa kwa pantoni mpaka daraja la Mkapa lilipofunguliwa mwaka 2003. Barabara ya Masasi, Tunduru hadi Songea ilikuwa ya udongo, na gari likikwama abiria walilala njiani. Kukwama kwao kulikuwa riziki ya mama ntilie wa kijiji cha jirani. Katika muongo wa 2010 lami ilifika: Mangaka hadi Nakapanya, Nakapanya hadi Tunduru, Tunduru hadi Namtumbo. Tuliimba na kucheza, na tulikuwa na haki. Lakini basi la siku hizi halikwami. Linasimama dakika chache, abiria wanachimba dawa, wananunua korosho na yai la kuchemsha, honi inalia, wameondoka. Barabara iliyowaleta wateja sasa inawapitisha mbio. Ndiyo maana hoteli za kijiji siku hizi zinatutegemea zaidi watu wa aina mbili: wenyeji siku za msimu, na sisi tunaorudi likizo.

Nani analipa?

Hapa ndipo historia inapoketi nasi mezani. Kwa Wayao ukoo huhesabiwa kwa mama, na mjomba ndiye mwenye mbumba, yaani kundi la dada zake na watoto wao. Heshima ya mjomba ni kuwatunza. Kuwalisha wapwa ni mamlaka yake.

Likizo moja tulikwenda hotelini pale barabarani watu saba: mama, shangazi, mjomba, wadogo zangu wawili, mimi, na rafiki yangu tuliyesoma naye shule ya msingi ambaye hakupata kuondoka kijijini. Tulikula wali na samaki, tukacheka sana. Mama alikaa kwenye kiti, akaletewa maji ya kunawa na msichana wa hoteli, na nilimwona akiitazama ile birika kama mtu anayetazama mkono wake mwenyewe ukifanya kazi mbali. Nikalipa. Mjomba akanawa, akasema taratibu: "Ahsante mwanangu, tumeshiba. Kesho mchana mtakula kwangu. Msinikatalie."

Kesho yake alichinja jogoo. Nyumba ile ilikuwa na jogoo mmoja. Na rafiki yangu hakuonekana tena mpaka siku niliyopanda basi. Nilipomuuliza alitabasamu tu: "Ningekuja na nini, bwana?"

Sisemi tusiende hotelini. Nasema tujue kinachotokea pale. Sinia lilikuwa linaficha nani ana kitu na nani hana. Sahani inaonyesha. Kila mtu ana sahani yake, sahani ina bei, na mwisho wa chakula jicho la kila mtu linajua mkono gani utaingia mfukoni. Jogoo wa mjomba alikuwa ni jibu: alikuwa analirudisha deni kabla halijawa amri. Rafiki yangu hakuwa na jogoo, ndiyo sababu akajificha. Kwa wazee wetu kukosa kulikuwa na mahali pa kukaa, barazani katikati ya mikono mingine. Hotelini kukosa hakuna kiti.

Lakini upande wa pili nao una uzito wake. Mama yangu, katika maisha yake yote, amewapikia wageni wangapi? Nani alipata kumpikia yeye akiwa ameketi meza moja na kaka yake, wanakula kitu kimoja kwa wakati mmoja? Baraza halikumpa kiti hicho. Hoteli imempa. Anayesema "hoteli zimeua ukarimu wetu" aulizwe kwanza kama yeye ndiye aliyekuwa anachota maji. Na yule aliyetupikia siku ile ni mwanamke pia, mwenye watoto shuleni, na fedha niliyolipa ilibaki Nakapanya.

Kwa hiyo nionavyo mimi, swali la kwenda au kutokwenda hotelini limekwisha kupitwa na wakati. Lililobaki ni namna ya kwenda. Nimewaona vijana wenzangu wanaoagiza sinia moja kubwa badala ya sahani saba, na wenye hoteli hawakatai. Nimemwona mmoja anayempa mjomba wake fedha nyumbani, kimya kimya, ili mjomba ndiye alipe mbele za watu. Wengine watasema huo ni unafiki. Mimi naona ni adabu ya zamani iliyojifunza kutumia noti. Na tangu M-Pesa ilipoanza nchini mwaka 2008, wapo wanaotuma fedha wakiwa Dar wakisema, "Mkale wote." Hapo neno la maana ni "wote". Anayekaa kijijini ndiye anajua wote ni akina nani, na kama rafiki yule wa shule ya msingi yumo.

Nawageukia sasa wenzangu mnaojifunza kuandika. Tunatafuta visa vya riwaya katika sinema za mbali, wakati historia ya nchi yetu imekaa kwenye benchi pale barabarani ikinywa chai. Mwulize mama ntilie wa kwenu alianza mwaka gani, na kwa nini mwaka huo. Atakwambia sukari ilipatikana lini, mume alipunguzwa kazi lini, korosho zilichelewa lini, lami ilifika lini. Daftari lake la madeni lina majina ya kijiji kizima. Andika kabla halijafungiwa maandazi.

Kazi kwako, msomaji.